Siku Tatu Baina ya Vijito Viwili

Anayetoka Tarime kwenda Mugumu husafiri takriban kilomita 87, na katika masafa hayo hupita katika nchi mbili. Ya kwanza ni nchi ya milima: hewa ya baridi, migomba, mahindi na kahawa, nyumba zilizotapakaa juu ya miteremko, na watu wako njiani tangu alfajiri. Kisha barabara huteremka kuelekea Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu, na baada ya hapo huufikia Mto Mara. Ng'ambo ya mto ni wilaya ya Serengeti, nayo ni nchi ya pili: ardhi inanyooka, migunga inatawala, na udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi hunata kama gundi wakati wa masika.

Tumeipita njia hiyo mara nyingi na tulidhani tunaijua. Masika ya mwaka 2024 yalitufundisha kwamba tulikuwa tunaijua njia ya kiangazi tu.

Tulikuwa watu watano katika Noah moja: imamu wetu, ambaye umri wake umepita miaka sabini, muadhini na mkewe, ambaye ni ustadhati wa madrasa, kijana dereva, na katibu wa kamati ya msikiti. Tuliondoka Tarime asubuhi ya Jumatano, tarehe 24 Aprili, katikati ya mwezi wa Shawwal 1445. Katika kijiji kimoja kilichoko mbele ya Mugumu alikuwa amefariki bibi mmoja, Muislamu wa mwisho katika nyumba yake, na jamaa waliobaki hawakujua namna ya kumwosha wala kumkafini. Walipiga simu usiku. Ustadhati aliposikia habari alisema tu kwamba maiti hacheleweshwi, akaanza kukunja nguo zake. Alhamdulillahi, tulifika kwa wakati. Bibi akaoshwa, akaswaliwa, akazikwa baada ya alasiri chini ya manyunyu, nasi tukarudi kulala Mugumu.

Mvua kubwa ilianza kabla ya alfajiri ya Alhamisi. Wenyeji wetu walituomba tusubiri, na hapa ndipo kosa letu lilipoanzia, nasi tunaliandika bila kulipamba. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Imamu alikuwa na hotuba. Katibu alikuwa na taarifa ya fedha za kuezeka msikiti, ambayo ilikwisha kuahirishwa mara mbili. Muadhini alisema haiwezekani msikiti ukawakosa yeye na imamu siku moja. Ustadhati peke yake ndiye aliyesema tungoje, nasi wanaume hatukumjibu. Kila sababu yetu ilikuwa njema, na sababu hizo njema ndizo zilizotutoa barabarani saa tatu asubuhi.

Kijito cha kwanza tulikivuka. Maji yalifika nusu ya magurudumu, gari likayumba kidogo, tukatokea upande wa pili. Tulimshukuru Allah, kisha tukaigeuza shukrani ile kuwa ruhusa ya kuendelea. Kilomita chache mbele tukakuta kijito kingine, kisicho na kibao wala jina tunalolijua, kilichojengewa sakafu ya zege chini kabisa ili maji ya mvua yapite juu yake. Maji yalikuwa mekundu, yanakwenda kwa kasi, na sakafu haikuonekana.

Kijana wetu alikuwa ameshapandisha vioo na kuingiza gia. Mzee mmoja aliyevaa koti refu la mvua, mwenye fimbo ya kuchungia, alitoka pembeni mwa njia akasimama mbele ya gari na kuweka kiganja chake juu ya boneti.

"Shikamoo, mzee," dereva alisema.

"Marahaba, mura. Geuza gari."

Dereva alimwonyesha alama za matairi kwenye tope, akasema kuna gari limepita si muda mrefu.

"Lilipita kijito," mzee akajibu. "Huu sasa ni mto. Geuza gari."

Hakuondoa mkono wake. Imamu ndiye aliyeamua. Alishusha kioo, akamwambia dereva arudi nyuma. Tukarudi hadi mahali palipoinuka tukasubiri maji yapungue, kwa kuwa bado tulikuwa na tamaa ya Ijumaa. Haikupita saa moja, gogo la mti pamoja na mizizi yake likapita juu ya ile sakafu, pale pale ambapo gari letu lingekuwa. Hakuna aliyesema neno. Tulipojaribu kurudi Mugumu, tukakuta kijito cha kwanza nacho kimefunga njia. Kile tulichokivuka kwa shukrani asubuhi kilikuwa sasa kimeenea mpaka kwenye mashamba. Tukawa tumezingirwa, mbele maji na nyuma maji.

Ni vyema msomaji ajue jambo hili, kwa sababu wengi wetu hupima maji kwa macho. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huanza kuliinua gari dogo. Sentimita 60, yaani yasiyofika hata kiunoni, huyabeba magari mengi, yakiwemo makubwa. Gari si zito kama tunavyolidhania likiwa ndani ya maji, na sakafu usiyoiona huenda imekwisha kung'olewa.

Jambo la pili ni kwamba mvua inayokuzuia si lazima iwe imenyesha juu ya kichwa chako. Mto Mara, wenye urefu wa karibu kilomita 395, huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, mahali ambapo mito ya Amala na Nyangores hukutana baadaye na kuwa mto mmoja. Hupita katika hifadhi ya Maasai Mara, ukaingia kaskazini mwa Serengeti, ukapita baina ya wilaya zetu hizi mbili, ukatandaa katika vinamasi, kisha ukamwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Misitu inapopungua huko juu, maji hayapati cha kuyashika. Hushuka yote kwa pamoja. Ndiyo maana mtu wa bonde anaweza kuamka chini ya anga safi akakuta mto umejaa. Daraja kubwa la Mto Mara lilikuwa limesimama imara mbele yetu siku ile. Kilichotuzuia kulifikia ni kijito ambacho kiangazi mtoto hukiruka.

Mzee yule ndiye aliyetupokea. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya barabara: nyumba kubwa ya matofali yenye bati, jiko pembeni, zizi, na ghala la mahindi. Hakutuuliza tunatoka wapi mpaka tulipokwisha kukaa na kupewa chai. Ustadhati alichukuliwa na mama wa nyumba, akapewa kitanda cha mama mwenyewe. Sisi wanaume tulitandikiwa mikeka na ngozi sebuleni. Ilikuwa nyumba ya Wasabato, ambao ni wengi katika mkoa wa Mara. Muadhini alipouliza kwa adabu habari za vyombo, mama alicheka, akasema nguruwe na pombe haviingii katika nyumba ile, tule kwa amani.

Usiku ule mzee alifungua redio. Habari zilisema Waziri Mkuu ameliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule, zilizoletwa na El Niño, zimekwisha kuua watu 155 nchini kwa mafuriko na maporomoko. Tuliisikia idadi ile tukiwa tumekaa kwenye mikeka ya watu, na kila mmoja wetu alijua kwamba nusura iongezeke kwa watu watano. Mzee alizima redio. Ndipo alipotwambia, kwa sauti ya chini, kwamba kijito kile kilikwisha kumchukua mtu wa nyumba yake, naye alikuwa akirudi kutoka sokoni, na mvua haikuwa kubwa. Tangu hapo, mvua ikinyesha, yeye hushuka na fimbo yake akasimama njiani.

Baada ya Isha imamu alikaa nasi akazungumza. Kila mwaka katika darasa za msikiti hutufundisha mlango wa rukhsa, yaani ruhusa ambazo Allah amewapa waja wake wakati wa dhiki. Hutusimulia jinsi Ibn Abbas (r.a), katika siku ya mvua ya Ijumaa, alivyomwamuru muadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao badala ya kuwaita msikitini. Watu waliona jambo geni, naye akawaambia kwamba aliyelifanya ni mbora kuliko yeye, akimkusudia Mtume (s.a.w), na kwamba hakupenda kuwatoa majumbani wakitembea katika tope na utelezi. Imamu alisema kwamba mlango ule ameusomesha kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini asubuhi ile aliuona kuwa ni mlango wa watu wengine, wa wazee wasiojiweza na wagonjwa. Kisha akamgeukia muadhini, akamwambia amfikishie mkewe radhi zetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema neno la fikihi siku ile.

Tuliandika hapo juu kwamba hatutalipamba kosa letu. Allah ametukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe, na Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba Allah hupenda ruhusa zake zichukuliwe. Mwenye kuingia katika maji ya mafuriko ili aiwahi Ijumaa hakuongeza ucha Mungu. Ameikataa zawadi.

Sisi tulikuwa wasafiri ambao bado hawajarudi mjini kwao, na safari yetu ilikuwa imefikia masafa yanayoruhusu kupunguza swala. Kwa hiyo tuliswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, na tulipohitaji tukakusanya. Swali likaja: je, mtu aliyezuiliwa mahali, asiyejua ataondoka leo au kesho, ataendelea kupunguza mpaka lini? Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri anayetarajia wakati wowote kuondoka kizuizi chake hupunguza hadi siku kumi na nane. Wapo wanavyuoni wengine waliosema hupunguza muda wote ambao hajanuia kukaa. Miongoni mwa hoja zao ni habari aliyoipokea Imamu al-Bayhaqi, kwamba Abdullah bin Umar (r.a) alikaa Azerbaijan miezi sita akipunguza swala, kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia.

Dereva wetu aliuliza theluji inawezaje kumzuia mtu miezi sita. Hakuna aliyeijua kwa macho. Imamu alimwambia aitazame ile sakafu ya zege, kisha aifikirie imegeuka nyeupe na haiondoki mpaka msimu ugeuke. Ilitupa faraja kujua kwamba Sahaba wa Mtume (s.a.w) aliwahi kukaa kama tulivyokaa sisi, akitazama njia isiyopitika, na hakuona haya kungoja.

Kibla kilitupa kazi kidogo, kwa kuwa simu zilikuwa zimezimika na wingu lilikuwa zito. Kutoka Mara, Makka iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Mzee alituonyesha mti ambao kwao jua huchomozea karibu nao. Tukauweka upande wa bega la kulia na kugeuza nyuso zetu kidogo kuelekea huko. Tope lililoruka kwenye nguo zetu halikutushughulisha, kwani wanavyuoni wamesamehe tope la njia kwa kiasi ambacho ni vigumu kujikinga nalo.

Ijumaa ilikuwa tarehe 26 Aprili, na redio ilikuwa ikitangaza sherehe za miaka 60 ya Muungano. Tuliswali Adhuhuri kwa jamaa sebuleni. Ulipofika wakati ambao huko Tarime imamu angepanda mimbari, tulitazamana. Baadaye tulikuja kujua kwamba naibu wake alihutubu vizuri, na safu zilikuwa zile zile. Msikiti haukuanguka kwa kutukosa.

Lakini asubuhi ile ile lilituzukia jambo zito kuliko Ijumaa. Imamu ana maradhi ya kisukari. Alikuwa amechukua vidonge vya siku mbili na akiba ya siku moja, na kile cha asubuhi ndicho kilikuwa cha mwisho. Hakumwambia mtu yeyote. Ustadhati ndiye aliyeiona paketi tupu alipokuja kuchukua vikombe. Kijijini kulikuwa na zahanati, upande wetu wa maji. Katibu na dereva walikwenda kwa miguu katika tope. Muuguzi aliwaambia kwamba dawa zake nazo zinangoja ng'ambo ya kijito. Kisha akafikiri, akawachukua hadi nyumba ya mama mmoja anayetibiwa maradhi hayo hayo. Muuguzi alilinganisha jina la dawa na kipimo kwenye paketi zote mbili kabla ya kukubali. Mama yule alihesabu vidonge vyake, akajiwekea vya kumtosha mpaka siku ya kliniki, akatukabidhi vinne. Hatukuwa tumewahi kuonana, naye hakuuliza vitarudishwa lini.

Saa za alasiri mzee alikuja na mbuzi na kisu, akamwita muadhini. "Chinjeni wenyewe," alisema, "tule wote." Muadhini akamwelekeza mnyama kibla, akamtaja Allah, akachinja. Watu wa Mara wana chakula chao mashuhuri kiitwacho kichuri, ambacho nyama huandaliwa pamoja na majimaji ya tumbo la mnyama. Katika madhehebu yetu kilichomo tumboni ni najisi, kwa hiyo tukaomba radhi. Mama wa nyumba hakukasirika. Alitenga nyama yetu mapema katika sufuria yake, akaleta na ugali wa mtama na muhogo. Alipika kwa haraka kuliko tulivyotarajia, nasi tukadhani ni kwa ajili ya njaa yetu. Kumbe jua lilikuwa linakaribia kuzama, na jua likizama siku ya Ijumaa Sabato yao huwa imeingia, na jiko hupumzika.

Basi Magharibi ile, chini ya bati moja, sisi tulisimama sebuleni tukaswali, na wao chumba cha pili wakakusanyika na watoto wao kwa ibada yao. Mvua juu ya bati ilikuwa na kishindo kikubwa kiasi kwamba hakuna aliyemsikia mwenzake.

Jumamosi asubuhi familia ilivaa nguo zao nzuri, ikashuka mpaka kijitoni, ikarudi. Kanisa lao lilikuwa ng'ambo. Siku iliyotangulia kijito kilituzuia sisi, na siku ile kikawazuia wao. Mzee alikaa kwenye kiti chake barazani akiwa na suti na viatu vyenye tope, akasema kwa utulivu kwamba Mungu anajua maji yalipo. Imamu alikaa karibu naye. Wazee wale wawili walizungumza mchana kutwa habari za mifugo, bei za mahindi, na watoto waliokwenda mijini wasiopiga simu.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, wala haifai akae mpaka amtie mwenyeji wake uzito. Siku yetu ya tatu iliangukia Sabato, na mzee asingekubali jembe liguswe nyumbani kwake. Alfajiri ya Jumapili, kabla ya chai, muadhini, katibu na dereva walitafuta majembe wenyewe, wakachimba mfereji nyuma ya ghala, mahali ambapo maji ya mlimani yalikuwa yameanza kula ukuta. Ustadhati alikuwa ameshamaliza kupukuchua debe la mahindi pamoja na mabinti wa nyumba.

Mvua ilikuwa imekatika usiku. Saa nne, mzee aliingia kijitoni kwa miguu, akipima sakafu kwa fimbo yake kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Alirudi maji yakiwa chini ya magoti yake, akasema bado. Tukangoja. Saa saba aliingia tena, zege likaonekana, naye akamwita dereva kwa mkono. Tulimpa bahasha akaikataa. Imamu alimshika mkono kwa muda mrefu, na tukaondoka. Tuliuvuka Mto Mara kabla ya alasiri. Maji yake yalikuwa mapana na mekundu chini ya daraja, yamebeba matawi na povu. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Mei, tulisikia kwamba Mto Talek, ambao ni tawi lake, umefurika huko Maasai Mara, na watalii wameokolewa kwa helikopta.

Kijana wa jamaa yetu anayeishi Minnesota, Marekani, alipiga simu kutupa pole. Tulipomsimulia habari ya gari na kijito, alisema kwamba hiyo ndiyo habari ya kwao wakati wa dhoruba za theluji. Alitukumbusha mji wa Buffalo, Desemba 2022, ambako dhoruba iliua zaidi ya watu arobaini katika mji huo na vitongoji vyake, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yaliyonasa. Serikali huko ilikuwa imekwisha kukataza watu kuendesha. Kwao hufundishwa tangu utotoni kwamba theluji ikianza hutoki, na kwamba ukinasa unakaa penye usalama ukaokoa chaji ya simu na joto la mwili. Nchi zetu ziko mbali sana, lakini mtihani ni ule ule, kwani mtu huona haya kusimama wakati anangojewa mahali.

Kwa familia zinazosafiri katika mkoa wetu masika na vuli, tunausia yafuatayo. Mwenye dawa za kila siku achukue za wiki nzima, na asiifiche hali yake kwa anaosafiri nao. Mwambieni mtu mmoja nyumbani njia mtakayopita na saa mnayotarajiwa. Wekeni garini maji ya kunywa, blanketi, tochi na chakula kisichoharibika. Mkifika kwenye maji, msifuate alama za gari lililotangulia. Tafuteni mwenyeji, na akisema rudini, rudini. Mkikwama, zimeni simu mkaziwasha kwa nyakati maalumu. Jifunzeni hukumu za swala ya msafiri kabla ya safari, si ndani ya gari. Na mama akisema tungoje, asikilizwe.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 3 Mei, kamati ilikutana. Taarifa ya fedha za kuezeka ilisomwa hatimaye, ikachukua dakika kumi na mbili. Kisha tukaleta pendekezo kwamba stoo iliyo kando ya msikiti isafishwe iwe chumba cha wasafiri waliokwama. Wajumbe wawili waliuliza kama chumba kitakuwa cha Waislamu peke yao. Ulikuwa ni uulizaji wa haki, kwani mali ni ya msikiti. Imamu aliwajibu kwa kutuuliza sisi tuliokuwa safarini: yule mzee alituuliza nini kabla ya kutufungulia mlango? Tulijaribu kukumbuka. Hatukukumbuka swali lolote. Pendekezo likapita, na leo chumba kina magodoro mawili, taa ya sola na chupa ya chai. Vidonge vinne vya yule mama tulivirudisha kwa mkono wa muuguzi, pamoja na gunia la unga kwa nyumba ya mzee.

Mwezi wa Novemba mvua ya vuli ilishuka siku moja tangu asubuhi, na mitaro ya mjini ikafurika hadi milangoni mwa watu. Ulipofika wakati wa Adhuhuri, muadhini wetu, kwa idhini ya imamu, aliwatangazia watu waswali majumbani mwao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa msikiti wetu, kwa kadiri wazee wanavyokumbuka. Wengine waliona jambo geni, wakapiga simu kuuliza kama kuna msiba. Katibu aliwajibu mmoja mmoja kwamba hakuna msiba, alhamdulillahi, ila kuna maji njiani.

Tunamwomba Allah aifanye mvua yetu kuwa ya manufaa, aizungushe pembezoni mwetu isiwe juu yetu, na awahifadhi wote wanaosimama penye maji kuwazuia wenzao. Amin.